Do ya Chini

Tangu Jumanne ile alipoambiwa "tutakuita", Kokugonza Rwegasira hakuwa mtu wa kukalika naye. Kiwandani Igogo, ambako kazi yake ni kupima ubaridi wa minofu ya sangara kabla haijafungwa kwenye maboksi, alipima boksi moja mara tatu na jingine akalisahau kabisa. Nyumbani alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Simu aliilaza kifudifudi ili asiitazame, halafu akaigeuza ili aitazame. Na vidole vyake, Mungu amsaidie, vilikuwa vinabonyeza kila kitu kilicho bapa: meza, paja, mgongo wa benchi, hata bega la mama yake siku moja walipokuwa wakitazama taarifa ya habari.

"Koku, mimi si kinanda," mama yake, Ma Immaculata, alimwambia.

"Samahani, mama."

"Samahani ya nne hiyo leo."

Tuelewane mapema kuhusu neno hilo, "tutakuita". Mwanza, na nadhani nchi nzima, mtu hafukuzwi. Kumfukuza mtu mbele ya macho yake ni ukatili, nasi tumelelewa vizuri. Mtu anaambiwa tutakuita. Umeomba kazi, tutakuita. Umepeleka posa, tutakuita. Nawe unakwenda nyumbani kusubiri mwito ambao kila mtu isipokuwa wewe anajua hauji. Kokugonza alikuwa na miaka thelathini na minane, na neno hilo alikwisha kulisikia katika ofisi nne. Hakutegemea kulisikia kwenye bendi aliyoianzisha mwenyewe.

Bendi inaitwa Jabali, na ni bendi ya roki. Najua unachotaka kuuliza, maana kila mtu huuliza. Katika mji uliojengwa juu ya mawe, ukimwambia mtu unafanya roki anadhani una machimbo ya kokoto. Mwaka wao wa kwanza walipigiwa simu na mtu aliyetaka lori mbili za mawe ya msingi. Ngosha alimwambia kwamba wao wanapiga magitaa, na yule mtu akauliza, sasa mawe anayapata wapi.

Huyo Ngosha, yaani "mwanamume" kwa Kisukuma, ndiye mpiga gitaa na mwimbaji. Kwenye cheti anaitwa Yeremia Luhende, ila ni Msukuma mrefu, mpana, fundi wa kuchomelea mageti, na hakuna anayemwita Yeremia isipokuwa karani wa kura. Dramu anapiga Maige, mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache ambaye herufi ya "r" haijawahi kumtoka mdomoni tangu azaliwe. Gitaa la besi ni la Venant, binamu yake Kokugonza, mwenye banda la kuku lisilo na kuku kule Ilemela, juu ya kilima. Humo bandani ndimo Jabali ilimozaliwa miaka sita iliyopita, na mwenye wazo alikuwa Kokugonza. Alikuwa amechoka kupiga kinanda cha kwaya peke yake. Alitaka gitaa linalolia na dramu zinazogonga, na katikati yake tuni ambayo mtu akiisikia mara moja anakwenda nayo nyumbani.

Na tuni alizitunga yeye. Ngosha aliandika maneno, Kokugonza akayavika sauti. Wimbo wao uliopendwa kuliko yote unaitwa "Nisubiri Usagara", habari za wapenzi wanaoachana pale njia panda ya Usagara, mmoja anashika barabara ya Shinyanga, mwingine ya Sengerema. Gitaa lilikuwa gumu, ndiyo, lakini chini yake kinanda kilitandika kama godoro, na kiitikio kilipanda juu kabisa mahali ambapo akina mama hufumba macho. Watu waliupenda. Bendi ikaanza kuitwa kwenye sendofu za kuwaaga mabibi harusi, kwenye harusi, kwenye kumbi za ufukweni siku za Jumamosi mchana. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Yaliharibika kwa sababu ya nyama. Ilikuwa harusi, saa nane mchana, Ngosha amefumba macho yuko katikati ya kile kipande chake cha gitaa ambacho alikifanyia mazoezi miezi miwili. Akaguswa bega. Akafumbua macho. Mbele yake alisimama baba mmoja wa heshima, suti ya kahawia, sahani mkononi.

"Kaka samahani, sogea kidogo. Umeziba nyama."

Ngosha alisogea. Hata hakukosea noti. Ila tangu siku ile akawa mtu mwingine. "Sisi ni muziki wa kutafunia," aliwaambia wenzake wakiwa wanakunja nyaya. "Watu wanatutafunia pilau miaka sita. Mimi nataka wakitusikia waache kutafuna."

Basi akaanza kuutafuta uzito. Akanunua nyuzi nene, akazilegeza mpaka zikawa zinaning'inia, gitaa likaacha kulia likawa linanguruma. Akanunua kidude cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti. Maige akaongeza ngoma ya pili ya mguu. Venant akafuata, kwa kuwa Venant hufuata. Nyimbo zikawa nzito, kisha zikawa nzito na za kelele, kisha jirani Mama Precious akaja kusema kwamba kuku wake wameacha kutaga, akawatazama mmoja mmoja kana kwamba wao ndio waliopaswa kutaga badala yao.

Kokugonza hakuupinga uzito. Hilo ndilo lililomuuma baadaye. Alivutwa nao, ila hakujua aingilie wapi. Kila alipoweka vidole, kinanda chake kilisikika kitamu, na kadiri wenzake walivyozidi kuwa wakali ndivyo utamu wake ulivyozidi kuonekana kichekesho. Jumanne ile baada ya kazi, katikati ya wimbo mpya, Ngosha aliinua mkono, wote wakanyamaza.

"Dada Koku," alisema kwa upole sana, na Kokugonza alijua hapohapo, kwa sababu Ngosha si mpole. "Kinanda ni kizuri. Tatizo ni kitamu mno. Ni kama kuweka sukari kwenye ugali."

"Nibadilishe nini?"

"Hapana, wewe pumzika kidogo. Sisi tutafute kwanza huo mwelekeo. Tutakuita."

Maige alianza kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. Venant alimbebea kinanda mpaka barabarani, akamtafutia bodaboda, akasimama pale akisema "maisha haya" mara mbili, kisha akarudi juu. Kabla pikipiki haijawaka, dramu zilikwisha kuanza tena.

Ma Immaculata hakuficha furaha yake. "Kinanda ni cha kanisani," alisema. "Mwenyezi Mungu amekurudisha." Kokugonza alisema ndiyo mama. Akaenda chumbani, akavaa spika za masikioni, akawasha kinanda chake na kuanza kugombana nacho.

Hapa inabidi nitoboe siri yake. Kokugonza alifundishwa kinanda na Mwalimu Jovinary wa kwaya ya parokia yetu, kwa mtindo wetu wa do re mi, na alifundishwa harakaharaka, kwa kuwa mpiga kinanda wa zamani alikuwa amehamia Geita na Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu. Akajua do moja tu, ile ya vibao vyeupe. Do nyingine zote alizipata kwa kitufe. Vinanda hivi vina kitufe wanachokiita transpozi: ukikibonyeza, sauti ya kinanda chote inapanda au inashuka, vidole vyako vikabaki palepale. Nusu ya wapiga vinanda wa kwaya zetu wanaishi kwa kitufe hicho na hawataki ujue. Kokugonza aliona aibu nacho. Mbele ya Ngosha alikuwa akikibonyeza kwa kidole kidogo, kiganja kimekifunika.

Sasa chumbani alikishusha. Jumatano alishusha hatua tatu, Alhamisi tano. Akitoka kazini alikuwa hali chakula, anakaa pale kitandani, mguu unatikisika, anabonyeza. Alikuwa na hasira. Alitaka apate ule uzito awatupie usoni, halafu alitaka wampigie simu, halafu alitaka wasimpigie ili awachukie vizuri. Jumapili alikirudisha juu kwa ajili ya Misa, Jumatatu akakishusha tena, na wiki ya pili ikaja. Jumamosi ya wiki ya pili alishusha mpaka chini kabisa, mahali kitufe kinapogoma, akapiga kwa mikono miwili. Kwenye zile spika ndogo za masikioni hakusikia kitu zaidi ya mnong'ono wa nzi kwenye chupa. Akavua, akazima, akalia kidogo, akaenda kumenya ndizi.

Na kinanda chake hakisahau. Vingine ukivizima vinarudi kawaida. Chake kinakumbuka pale ulipokiacha.

Asubuhi ya Jumapili alichelewa. Kinanda cha kanisa kiliingiwa na panya mwaka jana, kwa hiyo kila Jumapili ni chake kinachobebwa, na siku hiyo alikifikisha wakati padre na watumishi wamekwisha kujipanga mlangoni. Alichomeka waya kwenye zile spika kubwa mbili zilizonunuliwa kwa mchango wa jubilei, akakaa, hata shikamoo ya mwalimu akaitoa akiwa anahema. Mwalimu Jovinary, mzee mwembamba mwenye mikono mirefu, aliitikia marahaba kwa jicho na kumwonyesha aanze. Kokugonza aliweka vidole pale pa siku zote, akaipa kwaya do.

Ilitoka chini ya sakafu. Alijua papo hapo amekosea. Lakini mkono wa mwalimu ulikwisha kuinuka, padre alikwisha kupiga hatua ya kwanza, na kwaya yetu, nasema hili kwa fahari, ikipewa do inaichukua. Haiulizi. Watu arobaini wakaingia kwenye wimbo wa mwanzo wakiwa chini sana ya pale walipozoea.

Sauti ya kwanza, wale akina mama wanaopenda kupaa, walijikuta wanaimba kwa kifua. Sauti ya pili ikawa nene na ya kahawia. Na wanaume wa besi, wazee sita wakiongozwa na Mzee Mayala, ambao Jumapili zote hutikisa ndevu tu kwa kuwa hakuna anayewasikia, walishuka wakaikuta noti huko waliko, wakaikalia. Benchi zikatetemeka. Mama mmoja aliyekuwa anamfungulia mtoto pipi akabaki ameshika karatasi. Padre alipunguza mwendo, watumishi nyuma yake nusura wamgonge. Hakuna aliyepiga kelele, na kwaya haikuimba kwa nguvu kuliko siku nyingine, lakini kanisa zima lilikuwa limekamatwa kifuani na halikuweza kugeuka pembeni.

Kokugonza angeweza kubonyeza kitufe baada ya ubeti wa kwanza. Hakubonyeza. Alipiga beti zote tano huku machozi yanamtoka, na hayakuwa ya toba. Alikuwa anasikia kile Ngosha alichokuwa anakitafuta kwa nyuzi nene na vidude vya kukanyaga. Kumbe hakihitaji kelele. Kinahitaji mahali pa chini na watu wanaoimba pamoja bila haraka.

Baada ya Misa Mwalimu Jovinary alimsubiri kando ya mlango.

"Koku. Leo do ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa chini, mwalimu. Nilisahau kuirudisha. Naomba unisamehe."

"Wiki ijayo irudishe. Mama Wilhelmina anasema koo limemuuma." Aliangalia pembeni, akakunja karatasi zake za nota mara mbili. "Ule ubeti wa tatu, hata hivyo. Miaka thelathini nafundisha besi hapa, leo ndiyo nimewasikia."

Kokugonza hakwenda nyumbani. Alijua Jumapili mchana wenzake wana mazoezi, akakodi bodaboda akiwa bado na gauni lake la kwaya, kinanda mgongoni, mpaka Ilemela. Njiani alifikiria maneno ya kusema, akayabadilisha, akayabadilisha tena. Pale barabara inapoishia alishuka, akapanda kwa miguu katikati ya mawe, viatu vya kanisani vinamteleza. Aliwasikia kabla hajawaona. Walikuwa wanapiga kwa nguvu zao zote, na kwa mara ya kwanza aliona tatizo lao wazi: kila mmoja alikuwa anataka awe mzito kuliko mwenzake. Ilikuwa kama watu watatu wanaolazimisha kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja.

Alipoingia walinyamaza. Ngosha alijifuta jasho usoni kwa kiganja.

"Dada Koku. Karibu." Alitazama gauni, akatazama kinanda. "Si tulisema tutakuita?"

"Hamkuniita. Nimekuja."

"Bado hatujamaliza kutafuta—"

"Uliniumiza, Ngosha." Alikuwa amepanga kuanza na jambo jingine, ila hilo ndilo lililotoka. "Kama kinanda hakifai, ungesema hakifai. Bendi hii niliianzisha mimi, humu, nikikaa juu ya ndoo. Ukanituma nyumbani nikakae na simu wiki mbili kama msichana anayesubiri barua ya posa."

Maige aliweka vijiti vyake juu ya goti, akavitazama.

"Nilishindwa kusema," Ngosha alisema mwishowe.

"Utasema leo. Lakini nisikilize kwanza. Nikimaliza, ukisema hakifai, nafunga begi langu naondoka, na sitasubiri simu ya mtu."

Venant alikuwa amekwisha kuinuka. Alichukua waya wa kinanda akauchomeka kwenye tundu la pili la spika yake ya besi, ile kubwa, halafu akarudi mahali pake. Kokugonza aliweka kinanda juu ya meza ya zamani ya kuchambulia mayai. Kitufe alikiangalia. Kilikuwa bado chini kabisa. Safari hii hakukifunika kwa kiganja.

Alipiga "Nisubiri Usagara". Aliupiga polepole kuliko walivyowahi kuupiga, mikono miwili karibukaribu, noti zimebanana, tuni ileile ambayo mji mzima uliitafunia pilau lakini imetolewa hewani na kuwekwa ardhini. Vumbi la zamani la pumba lilidondoka kutoka kwenye mabati. Wale wapenzi wa njia panda hawakuwa tena watu wa kusikilizwa macho yakiwa yamefumbwa. Ilikuwa habari ya mtu anayeachwa barabarani kweli, basi limekwisha kuondoka, na yeye anajua.

Ubeti wa pili Venant aliingia, noti moja moja, akikaa ndani ya kinanda. Maige akachukua vijiti. Akapiga mara moja, akasubiri, akapiga tena, na ule muda wa kusubiri ulikuwa mzito kuliko ngoma zake zote mbili za mguu. Ngosha hakupiga. Alisimama na gitaa limening'inia, mdomo umefungwa, hata Kokugonza alipofika kwenye kiitikio na kukiimba mwenyewe kwa sauti ya kifua, sauti ambayo hata yeye hakujua anayo mpaka asubuhi ile.

Kisha Ngosha aligeuka, akainama kwenye amplifaya yake.

Kokugonza aliujua mkono ule. Kwa miaka sita ulikuwa ukienda kwenye kitufe kile cha sauti kwa kazi moja tu, kuongeza. Kwenye harusi, kwenye mazoezi, kila aliposikia mtu mwingine anasikika, Ngosha aliongeza. Alijua sasa gitaa litafunguka, litamfunika, na hilo ndilo litakuwa jibu, maana Ngosha hajui kusema hapana kwa mdomo. Aliendelea kupiga. Alijiambia atamaliza ubeti, hata kama hatasikiwa na mtu.

Ngosha alipunguza. Alipunguza mpaka nusu, akafikiri, akapunguza tena. Akakanyaga kile kidude cha kukwaruza akakizima. Ndipo akaingia, chini ya kinanda, kwa nyuzi zake zilizolegea, na akaanza kumwitikia Kokugonza kwa sauti ya nne, ile ya besi, kama yule Mzee Mayala ambaye hakuwahi kumwona.

Walipomaliza, Mama Precious alikuwa amesimama mlangoni, labda alikuja kulalamika. Hakulalamika. Aliuliza tu kama kuna msiba, akaambiwa hakuna, akabaki palepale.

"Tuludie," Maige alisema.

"Turudie," Ngosha alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujali kuyafuta. Miaka yote sita yeye ndiye aliyekuwa akihesabu moja mbili tatu, yeye ndiye aliyeamua wimbo uanze lini. Alirudi nyuma hatua mbili, akasimama sambamba na Venant.

"Anza wewe, dada," alisema. "Sisi tutakufuata."

Kokugonza aliweka vidole kwenye vibao, akawaacha wasubiri kidogo. Halafu akaanza.